Mshale Kwenye Nane, Mdomo Useme Mbili

Kamera haikuwa kitu kigeni kwangu. Enzi zile nikiwa dereva wa Idara ya Kilimo nilimpeleka mpiga picha mmoja hadi kando ya mto Ruvu. Kiboko akatoka majini, akaja kukaa mbele ya Land Rover na kujilainisha masharubu, akidhani ni yeye tuliyemfuata. Mpiga picha akazirai. Nikaichukua kamera mimi, nikampiga yule mnyama picha nyingi tu, za ubavuni na za usoni, na katika ile ya mwisho alitabasamu. Picha zenyewe zilikuja kuliwa na mchwa wa ofisini, na tangu hapo watu wa mtaa wetu wa Dunda wameona ni haki yao kunicheka.

Kwa hiyo Rukaya aliponipa kamera yake ya zamani sikumwambia kwamba sijui. Nilimwambia nimesahau kidogo.

Rukaya ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu Yusuf, na amelelewa humu ndani tangu akiwa na meno ya utoto. Kazi yake ni kupiga picha za shughuli za wanawake, zile za kumsinga na kumpamba bi harusi, ambako mwanamume hatii mguu. Wateja walipozidi alinunua kamera kubwa yenye lenzi kama chupa ya chai, na ile ndogo ya kujifunzia akanipa mimi. Alisema mume wake amestaafu siku nyingi na anahitaji kitu cha kushika mikononi, ili majirani wapumzike na hadithi zake. Huyo mume ndiye mimi. Kwetu babu na mjukuu wa kike ni mtu na mkewe kwa mdomo, na bibi yake, Miza, humwita mke mwenzangu. Kila chakula kikiiva hugombana nani anipakulie, mradi kelele zifike kwa jirani.

Somo la kwanza lilifanyika uani, Miza akiwa amekaa juu ya kibao anapepeta mchele. Rukaya akanieleza kwamba ndani ya lenzi kuna tundu, nalo hukua na kupungua kama mboni ya paka. Likiwa kubwa huingiza mwanga mwingi, na hapo Miza atatoka vizuri lakini ukuta ulio nyuma yake utakuwa ukungu. Likiwa dogo huingiza mwanga kidogo, na hapo Miza, ungo, ukuta, na hata kuku wa jirani aliye juu ya ukuta, wote watatoka wazi. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi. Ugomvi ulianza kwenye namba. Akaniambia tundu kubwa ni tatu na nusu, dogo ni kumi na sita.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikasema aliyeitengeneza kamera hii hajawahi kutumwa dukani, maana angerudi na kibiriti alipotumwa gunia. Rukaya akaanza kunieleza habari za kugawanya. Miza akasema, bila kuinua macho kwenye ungo, kwamba aniache tu, kwani mimi tangu zamani nikiwa na kidogo husema kingi, na kamera hii imepata mwenyewe.

Ndipo nikaitazama saa yangu ya mkononi. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nane. Nikajiuliza, Shuaibu, sasa ni saa ngapi? Nikajijibu, saa mbili asubuhi. Mshale uko kwenye nane, mdomo unasema mbili, wala hakuna mtu katika Bagamoyo nzima aliyewahi kukosa basi la Dar kwa ajili hiyo. Tunaiona namba moja, tunaisoma ile inayotazamana nayo upande wa pili. Basi na kamera ni vilevile. Kilichoandikwa ni kidogo, kinachokusudiwa ni kikubwa. Nilipomweleza Rukaya ugunduzi huu alicheka mpaka akaketi chini karibu na ungo. Alisema amewafundisha wasichana wawili kazi hii na hakuna aliyeipata kwa njia hiyo, lakini kama inakaa kichwani, ikae.

Somo la pili lilikuwa la kasi. Mle ndani kuna pazia linalofunguka na kufunga. Likifanya upesi kuliko kufumba na kufumbua, linamnasa kuku akiwa bado hewani. Likichelewa, kila kinachokwenda huburuzika na kuwa moshi. Akanizungushia kigurudumu nione namba zenyewe ndani ya kidirisha: nne, nane, kumi na tano, thelathini, zinapanda hivyo hadi mia tano na kupita. Akaanza kusema kwamba hizi ni vipande vya sekunde, na kwamba hapa inabidi nisikilize vizuri. Nikamkatiza. Nikamwambia nimeshaelewa, mshale kwenye nane. Pale pale simu yake ikaita, mteja wa Kaole, somo likakatika, nami nikabaki na kamera mkononi na elimu yangu kichwani.

Lililobaki lilikuwa jepesi. Chini ya kidirisha kuna kishale cha mwanga. Kikilalia kushoto picha itakuwa giza, kikilalia kulia picha itaungua, kikikaa katikati mambo ni mazuri. Nikafanya mazoezi yangu mwenyewe. Nilipiga ukuta. Nilipiga mitungi. Nilimpiga mbuzi aliyelala na nikampiga Miza aliyelala, na katika hao wawili ni mmoja tu aliyelalamika. Kwa kuwa vyote nilivyopiga havikuwa na haraka ya kwenda popote, picha zilitoka kama zilivyotakiwa, na mimi nikajihesabu fundi.

Katikati ya siku hizo posa ikaja.

Kijana aliitwa Sharifu, mtu wa Kaole, mkaanga samaki pale soko la samaki. Wazee wake walileta ujumbe kwa heshima zote, wakasema watakuja Ijumaa baada ya swala kuchukua jibu. Jibu lenyewe lilikuwa langu. Baba yake Rukaya hayupo duniani, kwa hiyo walii wake ni mimi. Ni walii wa ndoa tu, maana walii wa kaburini hufukiziwa udi na mimi hata chai naipigania. Lakini kwa jambo hili nikisema hapana, basi ni hapana. Rukaya hakuja kuniomba chochote. Alimwambia bibi yake kwamba yeye kijana huyo anamtaka, na bibi yake akaniambia mimi kwa namna ambayo nililisikia hata lile ambalo hakulisema.

Ningekubali siku ileile kama nisingekwenda kukaa dukani kwa Nasor. Nasor ni rafiki yangu wa miaka mingi, muuza kamba na nyavu, na duka lake haliko mbali na soko. Aliniambia kwa masikitiko kwamba kila anapopita humwona Sharifu amekaa juu ya ndoo, kikombe cha chai mkononi, kama mwenye soko anayesubiri kodi. Alisema yeye hapendi kusema watu. Kisha akanikumbusha kwamba ana mpwa wake, Muataz, anayemsimamia masanduku ya barafu sokoni hapohapo, kijana asiyejua kukaa, na bado hajaoa. Nilimwelewa. Hata jina la mpwa alilitamka polepole, kama mtu anayepima kamba kwa mteja mzuri.

Niliporudi nyumbani nikamwambia Rukaya kwamba sitasema ndiyo wala la mpaka nimchunguze kijana kwanza. Nilitegemea anitukane kidogo, aseme mume wake ana wivu.

Akasema, "Sawa, babu."

Babu, peke yake. Kesho yake asubuhi ikawa shikamoo babu, chai hii hapa babu, naenda kazini babu. Miza alinipakulia chakula bila mshindani, na nyumba ikawa kimya kama ofisi siku mkubwa anapokuja kukagua. Mimi nimewahi kufukuzwa na mamba nikaendesha gari kinyumenyume kutoka Ruvu hadi Mlandizi, mamba akinipungia mkono kila kona, na sikuogopa siku hiyo kama nilivyoliogopa lile neno babu. Nilielewa kwamba nikikosea jibu, ndilo litakalokuwa jina langu mpaka nizikwe.

Nikafikiri. Macho ya Nasor yana mpwa. Macho yangu yana wivu, na mdomo wangu hauna mdhamini. Katika mji wote huu kitu kisicho na ndugu wa kuozesha ni kamera. Basi iende kamera ikaone.

Asubuhi ya Jumatano nilijitayarisha mbele ya Rukaya, bila kumficha. Akaniuliza, kwa ile sauti yake mpya ya heshima, nimeweka namba gani. Nikamwambia nataka aonekane Sharifu, na karai lake, na kuni zake, na watu walio nyuma yake, vyote viwe wazi, kwa hiyo tundu nimeliweka dogo, kumi na sita. Akasema ni sawa kabisa. Na kasi? Nikamwambia nataka kumnasa mtu kabla hajajua kwamba ananaswa, kwa hiyo nimeweka nne.

Alinitazama mimi. Akakitazama kidirisha. Nikaona midomo yake imebanwa kama ya mtu aliyeweka pini za mtandio mdomoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na kifuko cha choroko. Akaniambia mikono yangu inatetemeka siku hizi, kwa hiyo niilaze kamera juu ya kifuko hiki, nacho kifuko kikae juu ya kitu kisichotikisika, nibonyeze taratibu na nizuie pumzi.

"Na usizibadili namba, babu," akasema. "Zimekaa vizuri."

Mtu mwenye akili angenusa kitu hapo. Mimi nilichukua bajaji.

Sokoni wavuvi walikuwa wamekwisha kushusha, mnada unanguruma upande wa ufukweni, na kwenye banda la wakaangaji moshi na mlio wa mafuta vimeshikana. Nikapata ukingo wa saruji uliosimama sawasawa na jiko la Sharifu, nikaweka kifuko, nikalaza kamera, nikavua miwani na kubandika jicho. Kishale kikakaa katikati barabara. Nikakichukua kama sahihi ya serikali. Nikazuia pumzi, nikabonyeza. Nikapumua. Nikazuia tena.

Wanawake wanaopara samaki waliniuliza kama mimi ni wa televisheni. Nikawaambia hapana, changu hawa wanasafiri, nawapiga picha za pasipoti. Mmoja akaniinulia changu wake nimpige uso, masikio yaonekane. Ilichukua muda kuwatuliza. Na kati yao na kishale, kifuko na pumzi, nakwambia kweli, sikupata nafasi ya kumtazama mtu niliyekwenda kumtazama. Nilimwona kama kitu kilichomo ndani ya kidirisha, upande wa kulia wa kishale. Nilipiga mpaka kidole kikachoka, nikarudi Dunda nikiwa na ushahidi begani.

Tulikaa uani sote watatu, Miza akivaa miwani yangu kwa sababu yake haioni mbali wala karibu. Nikaifungua picha ya kwanza. Karai lilitoka, hadi masizi yake. Kuni zilitoka. Meza, mzani, samaki waliopangwa, bango la bei, vyote vilitoka wazi kama nilivyokusudia. Nyuma kidogo, akiwa ameegemea nguzo na simu mkononi, alitoka Muataz mpwa wa Nasor, safi kabisa, hata vifungo vya shati ungevihesabu.

Pale pa Sharifu palikuwa na moshi uliovaa aproni.

Nikaenda picha ya pili. Moshi. Ya tatu, moshi wenye mikono mitatu. Katika moja zilitoka kandambili mbili zimesimama vizuri chini, na juu yake hakuna mwenyewe. Na katika zote, mwanzo hadi mwisho, Muataz yuko kwenye nguzo yake ileile, na kidole kilekile juu ya simu.

Nilisema moja kati ya mawili, ama kamera ni mbovu ama kijana ni jini, na mimi siwezi kumwoza mjukuu wangu kwa jini. Miza akasema yeye ameishi na mtu aliyepungiwa mkono na mamba, kwa hiyo jini mkaanga samaki si balaa kubwa.

Rukaya alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Alipoutoa, uso ulikuwa umerudi kuwa wa heshima.

"Babu, nne si upesi. Nne ni robo ya sekunde. Kwa kamera, hapo ni mtu amefungua mlango na kuanza kusalimia jirani."

"Na saa yangu?"

"Saa yako ni ya tundu. Kasi haijui Kiswahili."

Nikamwuliza kwa hiyo ile mia tano ndiyo upesi. Akasema ndiyo, ni sekunde iliyokatwa vipande mia tano, ukachukua kimoja. Nikamwuliza mbona mambo hayo hakunieleza siku ya somo. Akasema alianza kunieleza, mtu mmoja akamwambia mshale kwenye nane.

"Lakini leo asubuhi uliiona ile nne," nikasema. "Ukaniambia nisiibadili."

"Mwalimu hamfanyii mwanafunzi mtihani wake."

Akainuka akaanua nguo kwenye kamba, mgongo kwangu. Kisha, kama mtu anayeongea na shuka, akaongeza kwamba pazia likichelewa vile, aliyetulia hutoka, asiyetulia hupotea. Hakutaja jina la mtu. Akaingia ndani na nguo zake.

Nikabaki na picha zile. Nikazipitia upya, sasa bila kutafuta ubovu. Nguzo, imetoka. Mzani, umetoka. Muataz, ametoka. Moshi. Moshi. Kandambili. Moshi. Miza alikuwa ananitazama kwa miwani yangu mwenyewe.

Lakini mimi ni mtu wa kupekua. Sikutaka ije isemekane nimemwozesha mtoto wa watu kwa makosa ya kigurudumu. Kesho yake nikamwomba Rukaya anitengenezee kamera ya kunasa kweli. Akaniwekea mia tano, akafungua tundu hadi tatu na nusu, na kwa kuwa bandani kuna kivuli akaipandishia kamera ukali wa macho. Nikarudi ukingoni kwangu. Wanawake wa changu wakaniuliza kama pasipoti zimetoka. Nikawaambia mmoja amekataliwa, alifumba jicho.

Picha za siku hiyo, nilizozitazama palepale ukingoni, zilikuwa za ajabu. Samaki amesimama hewani juu ya karai bila kushikwa na mtu. Matone ya mafuta yametundikwa kama shanga. Sharifu amekunja uso, jasho liko njiani kutoka puani na halijafika mdomoni. Na katika picha moja, moja tu, Sharifu amekaa juu ya ndoo, kikombe cha chai mkononi, miguu mbele, kama mwenye soko anayesubiri kodi.

Kumbe Nasor hakusema uongo. Nasor hupita mara moja, hutazama mara moja, na huondoka na kipande chake. Nikaiacha kamera, nikavaa miwani, nikainua macho nione kijana huyu atakaa kiasi gani. Ndoo ilikuwa tupu.

Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu, anafuta mikono kwenye aproni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akasema aliniona jana na ameniona leo, na kama ni changu ninayemtaka angenifungia wawili waliotoka sasa hivi. Alijua mimi ni nani, macho hakuyainua. Nikamwuliza kwa ukali wa kiwalii kuhusu ile ndoo na kile kikombe.

"Chai, babu," akasema. "Ukiichelewesha inanuka samaki."

Halafu akaomba radhi, akarudi mbio kwenye karai kwa sababu kuna kitu kilianza kuungua. Nikamfuata. Nilikuwa na dukuduku moja limebaki, na sikumwambia hata Miza. Huyu kijana kila alichonijibu kilikuwa kweli tupu. Nitakaa naye vipi barazani kwangu miaka yote iliyobaki? Kwa hiyo nikasimama karibu na moto, nikamsimulia habari za kiboko wa Ruvu. Nilimpa yote, masharubu, mpiga picha aliyezirai, picha za ubavuni. Aligeuza samaki, akachochea kuni, akampa mteja chenji, na sikio moja lilikuwa kwangu muda wote. Hakucheka. Nilipofika kwenye lile tabasamu, akasimamisha upawa.

"Alitabasamu kwa meno ya juu au ya chini, babu?"

Nimesimulia habari hiyo kwa makadhi na kwa makondakta. Wapo walionicheka na wapo walioondoka. Hakuna, tangu mchwa walipokula picha, aliyewahi kuniuliza kuhusu meno. Nilimwambia ya chini, kwa sababu ya juu alikuwa na pengo. Akatikisa kichwa, kwamba hilo linaeleweka, akaendelea kukaanga.

Jioni nikasafisha picha mbili katika duka la picha za vitambulisho, zote za siku ile ya kwanza. Moja nikampelekea Nasor. Sikusema neno, na hata leo sijasema. Nasor aliishika kwa ncha za vidole, akaita watu waje waone Muataz alivyotoka, kila unywele mahali pake, katikati ya soko lililojaa mazimwi. Akasema hapo ndipo utajua mtu aliyelelewa, kamera yenyewe inamheshimu. Ameitundika dukani juu ya mabunda ya kamba. Muataz alikuja kwangu faragha siku ile ile, maana vijana hawa wanazijua kamera, akaniomba kwa adabu kwamba kama mjomba wake hajauliza, basi mimi nisieleze. Nikamwahidi. Nasor hasomi hadithi, kwa hiyo ahadi iko palepale.

Ijumaa baada ya swala wazee wa Kaole wakaja. Walikuwa watatu, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, na msemaji wao alikuwa mjomba wake Sharifu, Mzee Mosi, mtu mzito wa maneno. Kijana mwenyewe hakuja, kama ilivyo desturi. Rukaya alikuwa chumbani nyuma ya pazia, naye kwa desturi hiyohiyo hakutakiwa kusikika. Miza aliandaa chai na visheti akaketi karibu na lile pazia, kwa ajili ya kunitazama mimi.

Salamu zilichukua muda wake. Tuliulizana habari za watoto, za mashamba, za wagonjwa wa pande zote mbili. Kisha Mzee Mosi akakohoa, akasema wamekuja kusikiliza, na kwamba lolote watakalolisikia wao wamelipokea. Nyuma ya pazia palikuwa kimya kiasi kwamba nilijua mtu amezuia pumzi, kama anayebonyeza kitufe.

Nikatoa ile picha ya pili mfukoni mwa kanzu, nikamkabidhi Mzee Mosi. Nikamwambia nimemchunguza kijana wao kwa siku mbili, kwa vyombo, na kabla sijajibu ningependa waone nilichokiona.

Akavaa miwani. Akaitazama, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga. Akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, wa tatu akairudisha.

"Namwona huyu wa nguzoni," akasema Mzee Mosi. "Huyu si wetu. Wetu yuko wapi?"

"Huyo hapo, nyuma ya karai."

Akainama karibu zaidi.

"Ndugu yangu Shuaibu, hapa pana moshi."

"Ndiyo huyo," nikasema. "Sikupata picha hata moja aliyotulia. Mjukuu wangu namwoza kwa huyo moshi, nimeridhika, na Mwenyezi Mungu awape kheri."

Wazee wakatazamana. Nadhani walikuwa wametayarisha majibu ya ndiyo na majibu ya la, na hili halikuwa katika mafungu hayo. Hatimaye Mzee Mosi akasema alhamdulillahi, kwa tahadhari, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua, na wenzake wakaitikia.

Ndipo pazia likatikisika. Miza akanyoosha mkono kulizuia, akachelewa.

"Mume wangu," ikasema sauti ya ndani, mbele ya wageni na desturi zao zote, "wamiminie wakwe zangu chai. Inapoa."

Mzee Mosi akalitazama pazia. Akanitazama mimi. Akaitazama tena ile picha aliyoishika, kama mtu anayetaka kujua amemleta mpwa wake katika nyumba ya namna gani. Nami nikalishika birika. Lilikuwa zito, mkono wangu ukatetemeka, na kifuko cha choroko nilikuwa nimekiacha uani.